Bastola ya Roitelet, Mpwa Wangu Josias, na Ukurasa wa Kumi na Nne

Berchem-Sainte-Agathe,
Jumanne, tarehe 11 Machi.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kiwanda cha Silaha cha Quatrebois na Wanawe,
Ghorofa ya nne, Chaussée d'Ixelles,
Brussels.

Ndugu Mkuu wa Huduma,

YAH: KUKWAMA KWA BASTOLA NDOGO AINA YA ROITELET

Ninakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimeegemea mito mitatu. Ukiona mstari umepanda au umeshuka, usidhani ni hasira. Ni mkono tu.

Usishangae pia kupokea barua ya Kiswahili. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha maelekezo cha Roitelet unasema kwamba mteja anaweza kuwaandikia kwa lugha yoyote kati ya lugha kumi na moja zilizomo, na kwamba atajibiwa kwa lugha hiyo hiyo. Kiswahili ni ya tisa, baada ya Kireno. Nalijua hilo kwa sababu sentensi hiyo niliitafsiri mimi.

Naitwa Didas Ntahuga. Nina umri wa miaka themanini na mitatu. Nilizaliwa Kigoma, nikasomea ualimu Tabora, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mkalimani wa kiapo katika mji huu. Mwezi uliopita daktari wa moyo kule Jette alinieleza, kwa Kifaransa safi sana, kwamba moyo wangu unafanya kazi kwa robo tu, na kwamba hata robo hiyo haitabiriki. Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani na kuanza kupanga mambo ambayo mtu hapaswi kuondoka nayo. La kwanza katika orodha ni hili lenu.

Tarehe 2 Aprili mpwa wangu Josias, mtoto wa dada yangu Clementina, atasimama mbele ya hakimu mjini Kigoma akishtakiwa kwa kushirikiana na majambazi. Ushahidi mkubwa dhidi yake ni barua yenu ya ukurasa mmoja na nusu. Naomba muiondoe barua hiyo. Sababu zangu ni hizi zifuatazo, na nimeziwekea namba ili msipate taabu kuzijibu.

1. Kuhusu udogo wa bastola.

Tangazo lenu linasema Roitelet ni ndogo na nyepesi kiasi kwamba mtu "atasahau kwamba ameibeba". Ndugu Mkuu, nimekaa na sentensi hii muda mrefu. Kuna vitu ambavyo ni vizuri kuvisahau kiunoni, kama vile leso. Msimamizi wa Josias katika kampuni ya ulinzi aliisahau yake, kama mlivyoahidi, akaenda nayo ukweni kupeleka posa. Alipoinama kumwamkia mama mkwe, bastola ikachomoka ikaangukia kwenye beseni la kunawia mikono, nayo ikalia. Hakuna aliyeumia isipokuwa paa. Posa ilirudishwa siku hiyo hiyo na mjumbe ambaye hakutaka hata kukaa. Naomba mkumbuke tukio hili, kwa sababu msimamizi huyo, kwa kauli yake mwenyewe, hajawahi kufungua kijitabu cha maelekezo.

2. Kuhusu kuzoeana.

Ukurasa wa sita unaeleza kwamba si jambo la ajabu bastola mpya kukwama kidogo, na kwamba itatulia baada ya kufyatuliwa risasi mia mbili za kwanza. Hii niliitafsiri kwa uaminifu kabisa, na hata wakati huo ilinikumbusha wazazi wanaomsifu binti yao mkali kwa wachumba. Kampuni ya Josias humpa kila mlinzi risasi sita za mazoezi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo bastola ingeanza kumzoea baada ya miaka thelathini na mitatu. Josias ana miaka thelathini na minne. Wangefahamiana vizuri akiwa mzee wa kupumzika.

Nilipendekeza wakati ule muongeze sentensi moja ya kumwomba jambazi asubiri. Sikujibiwa.

3. Kuhusu siku yenyewe.

Ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka, watu wakila. Josias alikuwa mlangoni mwa ghala la dawa karibu na stesheni ya reli. Wakaja watu watatu kwa pikipiki moja, mmoja akiwa na bunduki ndefu kuukuu iliyofungwa kitako kwa mpira wa baiskeli. Josias akatoa Roitelet, akawaamuru walale chini, akafyatua hewani. Risasi ya kwanza ikatoka. Ganda lake likagoma kutoka, risasi ya pili ikalisukuma kwa nyuma, na vyote viwili vikabaki pale kama watu wawili wanene waliokutana mlangoni, kila mmoja akikataa kurudi nyuma. Bunduki yenye mpira wa baiskeli haikuwa na shida yoyote. Ilimpiga Josias kwenye paja la kulia.

Alinipigia simu kutoka hospitali. Hakulia wala hakuwalaumu ninyi. Alichotaka nikijue ni kimoja tu.

"Mjomba," aliniambia, "mimi nilifuata yote, neno kwa neno. Kile kitabu nimekisoma mpaka jalada likabanduka. Jina lako limo mle, ningekiachaje?"

Ni kweli, jina langu limo, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Nilimwambia apumzike. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka Jémima, mama wa Bukavu anayenihudumia nyumbani, akaja kuninyang'anya.

4. Kuhusu barua yenu.

Mliandika kwamba uchunguzi wenu haukuona kasoro yoyote katika silaha, na kwamba kukwama kulitokana na "mtumiaji kutofuata maelekezo ya matunzo". Ningependa kujua mliichunguzaje, maana bastola yenyewe iko kwenye kabati la polisi Kigoma, ina kibandiko cha namba ya jalada, na haijawahi kupanda ndege. Lakini hilo naliacha.

Tazameni barua hiyo ilikofika. Kampuni ya ulinzi ilimfukuza Josias kwa uzembe. Polisi nao wakafikiri zaidi: mlinzi asiyetunza silaha anataka ikwame, anayetaka ikwame anajua majambazi wanakuja, anayejua wanakuja ni mwenzao. Clementina alipouliza kwa nini basi wenzake walimpiga risasi, alijibiwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa janja yao. Sasa mtu pekee katika Kigoma nzima aliyefuata maelekezo yenu anakwenda kushtakiwa kwa kutoyafuata.

Na hapa, Ndugu Mkuu, ndipo ninapotakiwa kusema lililonifanya niombe mito mitatu.

5. Kuhusu ukurasa wa kumi na nne.

Maandishi yenu ya Kifaransa yalisema hivi: mtumiaji aweke tone moja tu la mafuta, afute yanayobaki kwa kitambaa kikavu, na aiweke silaha mahali pasipo na vumbi.

Mimi niliandika hivi: "Paka mafuta mengi ndani na nje, wala usiyafute. Kisha ilaze silaha ndani ya unga mkavu wa muhogo kwa saa kumi na mbili, ili unga unyonye unyevu wote. Rudia kila Jumamosi."

Kwa maneno mengine, nilimwelekeza mteja wenu aiandae bastola kama anavyoandaa samaki kabla ya kumtia kwenye karai.

Sikuchanganyikiwa. Sikuwa nimelewa. Nilikaa mezani asubuhi, nikanoa penseli, nikaandika kwa mwandiko wangu bora na kuupitia mara mbili ili lugha iwe na heshima. Mtu huamini upesi jambo la kijinga likiandikwa kwa lugha yenye heshima, na mimi nimefundisha lugha hiyo maisha yangu yote.

Mtauliza kwa nini. Katika miaka ishirini na sita ya ukalimani nilikaa katikati ya watu wawili, mmoja ofisa anayeuliza na mmoja mkimbizi anayeeleza alivyofika hapa. Nilitafsiri "walimpiga baba risasi". Nilitafsiri "walitupanga mstari". Nilikuwa nimekula kiapo cha kutoongeza wala kupunguza, na sikuongeza wala kupunguza, hata siku ambayo msichana wa miaka kumi na tisa aliniomba kwa macho nipunguze kidogo. Katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kutafsiri neno "ilikwama". Kila bunduki iliyotajwa mbele yangu ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Nilianza kuzichukia kwa uhodari wao. Kwa hiyo mlipoleta kijitabu, nilijiambia kwamba nimeyasema maneno ya watu wengine kwa uaminifu kiasi cha kutosha, na kwamba safari hii, mara moja tu, nitasema langu.

Nakiri kasoro moja katika mpango huo. Sikufikiri kwamba bastola yenye kijitabu ingekutana na bunduki isiyo na kijitabu. Wala sikufikiri kwamba msomaji wangu mmoja mwaminifu angekuwa mtoto wa dada yangu.

Kuhusu unga, sikuthubutu kumuuliza Josias. Neno kwa neno, alisema. Nililiona karai.

6. Kuhusu Bwana Abdulkarim.

Mna utaratibu mzuri wa kazi. Tafsiri ikiisha, mtu mwingine ambaye hajaona Kifaransa chenu hupewa Kiswahili na kukirudisha katika Kifaransa, nanyi mnalinganisha. Mtu huyo alikuwa rafiki yangu Abdulkarim, mtu wa Tanga, mkalimani mwenzangu wa siku nyingi. Nilingoja auone unga wangu, auandike kwa Kifaransa, na simu yenu ilie. Haikulia. Nikaelewa. Abdulkarim alikuwa ameuona, akanyamaza, akawaandikia "tone moja la mafuta" kwa mkono wake mwenyewe.

Hatujawahi kulizungumza. Kila Alhamisi kwa miaka miwili amekuja kunywa kahawa kwangu, akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama nimekula, nami nikamtazama vilevile, kama watu wawili wanaojua kitu kimefukiwa wapi. Naomba asiguswe. Kosa lake ni urafiki.

7. Kuhusu malalamiko mengine duniani.

Jémima alinitafutia kwenye simu yake watu walionunua Roitelet tangu itoke mwaka jana. Ni wengi. Yupo mtu wa Texas ambaye yake ilikwama mara saba katika alasiri moja. Yupo askari mstaafu wa Lisbon aliyeipa jina la mama mkwe wake. Yupo mwalimu wa shabaha wa mji fulani wenye baridi aliyeandika kwamba yake hufanya kazi vizuri isipokuwa ikiwa na risasi.

Jémima alisoma yote, akafunga simu. "Papa, bon, batu bote banalalamika. Hii bastola iko mubaya tu."

Nilimweleza kwa subira kwamba yeye hajui maandishi husafiri vipi. Kiswahili changu kilisomwa Kigoma. Kutoka Kigoma mtu akakieleza kwa Kirundi ng'ambo ya mpaka. Kutoka pale kikaingia Kifaransa cha jeshi. Askari wakaenda mafunzo, wakakutana na Wareno. Na Wareno, kama mjuavyo, wako kila mahali. Hadi kufika Texas ni jambo la jirani kumwambia jirani. Kila tafsiri ina mama yake, na ya hii ni mimi. Naona kwenye magazeti kwamba mnafikiria kuwaachisha kazi wahandisi watatu. Msiwaguse. Bastola yao haina kosa lolote. Lawama za Texas, za Lisbon na za mji wenye baridi ziwekeni juu yangu, nina nafasi.

Jémima alinifunika blanketi. "Papa, na dhambi ya bazungu nayo unataka kubeba?"

Nilimsamehe. Hajasomea tafsiri.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

Kwanza, mmwandikie hakimu wa Kigoma kabla ya tarehe 2 Aprili kwamba Josias aliitunza silaha kama alivyoelekezwa, na kwamba aliyemwelekeza ni mimi. Naambatanisha nakala ya kitambulisho changu. Kama mnahitaji mtu wa kufunga, nipo hadi pale moyo utakaporuhusu.

Pili, mumpe Josias kazi ya mkaguzi. Katika dunia nzima ndiye mteja wenu pekee anayejulikana kusoma kijitabu hadi jalada kubanduka. Mtu kama huyo hamtampata tena.

Tatu, na hili nimelifikiri sana, mkichapishe kijitabu upya kwa lugha zote kumi na moja kwa kufuata ukurasa wangu wa kumi na nne, mkianza na lugha za wanaonunua silaha nyingi zaidi. Mahali pasipo na muhogo, unga wa ngano unafaa. Mtakuwa kiwanda cha kwanza cha silaha ambacho wateja wake wote wako hai, pamoja na watu wote ambao wateja hao waliwakusudia. Sidhani kuna mshindani wenu anayeweza kutangaza hivyo. Na kwa ajili ya akina Josias, naomba bunduki kuukuu zilizoko mikononi mwa watu nazo zitungiwe kijitabu, nami niko tayari kukitafsiri bure kama tutaanza wiki hii.

Nisalimie wahandisi wote watatu, na familia zao. Nisalimie dada wa mapokezi aliyenipa maji siku nilipoleta tafsiri. Aliponipa kiti nilijisikia vibaya, maana bahasha ilikuwa tayari mkononi. Nisalimie na wazee wa kiwanda waliostaafu, kama wapo. Dada yangu Clementina anawasalimu pia, ingawa si kwa maneno ambayo mkalimani wa kiapo angeyapeleka.

Nabaki wenu, katika robo iliyobaki,

Didas Ntahuga,
Mwalimu na mkalimani wa kiapo (mstaafu).

NYONGEZA, Ijumaa tarehe 14 Machi.

Ndugu Mkuu, barua ilichelewa kutumwa kwa sababu ya mgomo wa posta, na nashukuru ilichelewa.

Jana Abdulkarim alikuja kwa kahawa yake. Kwa kuwa nimemtaja, niliona ni haki nimsomee. Alisikiliza mpaka namba sita, akaweka kikombe chini.

"Didas, ndugu yangu," alisema, "ule unga niliutoa mimi."

Kumbe alipoufikia ukurasa wa kumi na nne alishtuka. Amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, na bunduki ya kulazwa kwenye unga hajapata kuiona. Aliwapigia simu akaomba Kifaransa, akaandika ukurasa mzima upya, akauweka mahali pa wangu na kuliacha jina langu lilipokuwa. Ninyi aliwaambia ni hitilafu ya uchapaji. Mimi hakuniambia kitu, kwa sababu aliamini kwamba akili yangu imeanza kuniacha na hakutaka niaibike. Miaka miwili ya kunitazama, nikidhani ni siri yetu, alikuwa anachunguza kama bado namtambua.

Nakala ya kijitabu mliyonitumia ilikuwa kwenye droo, haijafunguliwa. Sikuwa na ujasiri. Jémima aliifungua. Ukurasa wa kumi na nne unasema tone moja, kitambaa kikavu, mahali pasipo na vumbi. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Tukampigia Josias, nami hatimaye nikamuuliza kuhusu unga.

"Unga?" alisema. "Mjomba, unga nile mimi au ile bastola?"

Amekuwa akiweka tone moja. Alikuwa akilihesabu.

Kwa hiyo naondoa namba tano, sita na saba, pamoja na maombi ya pili na ya tatu. Bastola yenu, mikononi mwa mtu aliyeitunza sawasawa, kwa maelekezo yaliyo sahihi, ilikwama yenyewe, na Texas ilikwama yenyewe, na Lisbon pia. Hamkuhitaji adui. Katika maisha yangu nilivunja kiapo mara moja, na mara hiyo moja nayo haikufyatuka.

Limebaki jambo dogo. Juzi Jumatano Padri Élisée alikuja kuniungamisha, nami nikaungama habari ya unga. Akaniondolea. Leo asubuhi nimempigia simu nikitaka kurudisha maondoleo, kwa kuwa dhambi yenyewe haikutimia. Akasema nia nayo huhesabiwa, lakini kwa paja la Josias na kesi ya Josias hakuna cha kunisamehe, na Kanisa halina utaratibu wa kupokea yaliyozidi.

Basi hayo yaliyozidi yako hapa mezani kwangu, hayana mwenyewe, na mimi siwezi kuyakalia muda mrefu. Nawaachia ninyi. Kitubio chake si kizito: ni barua moja kwa hakimu wa Kigoma, ifike kabla ya tarehe 2 Aprili, iseme kwamba Josias alifanya yote mliyomwambia afanye.

D. N.